Kompyuta ya Chesi Ndani ya Laptopu Yako: Kwa Nini Haitakiwi Kukimbia Sana

Kama umewahi kucheza gemu la PSP kwenye simu, basi emuleta unaijua tayari, hata kama jina lenyewe hulijui. Simu yako siyo PSP. Haina prosesa ya PSP, haina vitufe vyake, haina hata mahali pa kuingiza diski. Lakini ndani yake kuna programu inayojifanya PSP, na gemu halina namna ya kujua kwamba limedanganywa. Programu ya namna hiyo, inayoiga mashine nyingine kwa ukamilifu kiasi kwamba programu za mashine hiyo zinakubali kufanya kazi, ndiyo tunayoiita emuleta.

Kwenye magemu, wengi tunauliza swali moja tu: je, linakwenda bila kukwamakwama? Likienda haraka, safi. Leo tuangalie ukoo mwingine wa mashine ambako mambo ni tofauti kidogo: kompyuta za chesi, au sataranji ukipenda. Hapa emuleta ikikimbia ovyo, inakuwa imeharibu kazi. Na mashine maarufu kuliko zote katika ukoo huu, ile iliyomshinda bingwa wa dunia, ndiyo ambayo hatuwezi kuifufua kwa njia hii. Hilo ni tatizo la kweli, kwa sababu kuna swali ambalo ni yenyewe tu ingeweza kulijibu.

Twende hatua kwa hatua.

Mashine zenyewe zilikuwaje?

Kabla kila nyumba haijawa na kompyuta, ungeweza kununua kisanduku chenye ubao wa chesi juu yake na "akili" ndani yake. Kampuni ya Fidelity ya Marekani ilianza kuuza Chess Challenger mwaka 1977. Miaka miwili baadaye ikaja Voice Chess Challenger, iliyotamka hatua zake kwa sauti. Ujerumani kulikuwa na familia ya Mephisto, iliyotengenezwa na Hegener & Glaser wa Munich. Wengine walikuwepo pia, kama Novag na Saitek.

Ukifungua kisanduku kama Voice Chess Challenger hukuti maajabu. Unakuta prosesa ya Z80 yenye kasi ya takriban megahezi 4, chipu za ROM zenye programu ya chesi, kumbukumbu ya kufanyia kazi inayohesabiwa kwa kilobaiti (siyo gigabaiti!), vitufe, taa za tarakimu, na chipu ya sauti. Basi. Simu ya bei ya chini kabisa sokoni leo inaiacha mbali sana.

Sasa mbona tuhangaike nayo? Kwa sababu vitu hivi vinakufa. Vitufe vinaliwa na kutu, betri zinavuja, chipu za kumbukumbu zinapoteza yaliyomo. Na mashine ikifa, kinachopotea siyo plastiki tu, bali mchezaji mzima. Kila programu ya chesi ina tabia zake: hatua inazozipenda, makosa inayoyarudia, mitego inayoingia kila mara. Ukitunza kisanduku kwenye kabati la makumbusho umetunza sura yake. Tabia yake utaipata tu kama inaweza kucheza.

Emuleta inafanya nini hasa?

Kazi ya kwanza ni kunakili yaliyomo kwenye ROM. Ukishanakili unapata mlolongo mrefu wa namba, kila moja kati ya 0 na 255. Kwa macho yetu hazina maana. Kwa Z80, hizo ni amri.

Tuseme prosesa imekutana na namba hizi tatu: 62, 5, 128.

Namba 62 kwa Z80 maana yake ni "chukua namba inayofuata uiweke kwenye A". A ni kisanduku kidogo ndani ya prosesa cha kufanyia hesabu. Inayofuata ni 5, kwa hiyo A sasa ina 5. Kisha 128 maana yake ni "ongeza kilichomo kwenye B juu ya kilichomo kwenye A". Kama B ilikuwa na 3, A sasa ina 8. Umemaliza.

Emuleta inafanya hivyo hivyo, ila kwa programu. Ina kigezo kinachoitwa A na kingine kinachoitwa B. Inasoma namba, inatafuta maana yake, inatekeleza, inasogea kwenye namba inayofuata. Soma, elewa, tekeleza, rudia. Ukiwa na subira, unaweza kuandika emuleta ya prosesa ndogo mwenyewe kwa Python au C. Amri za msingi ni mia kadhaa, na kila moja ni mistari michache.

Lakini prosesa peke yake haichezi chesi. Inatakiwa kuona vitufe na kuwasha taa. Kwenye mashine hizi prosesa inaandika namba kwenye anwani au mlango fulani, na waya uliounganishwa hapo unawasha taa. Inasoma mlango mwingine, inajua kitufe gani kimebonyezwa. Mtengenezaji wa emuleta lazima agundue kila waya unakwenda wapi, mara nyingi kwa kufuata mistari ya shaba kwenye bodi, mmoja baada ya mwingine, kwa kipima umeme na kikuzio.

Na kuna mitego midogo inayochekesha. Zile tarakimu zinazong'aa kwenye kioo hazikuwaka zote kwa pamoja. Ili kuokoa nyaya, programu iliwasha tarakimu moja, ikaizima, ikawasha ya pili, ikaizima, ikazunguka haraka mno hata jicho la binadamu likadhani zote zinawaka. Emuleta ikionyesha ukweli ulivyo, unapata tarakimu zinazopepesa vibaya. Kwa hiyo mwandishi wa emuleta analazimika kuiga siyo mashine tu, bali pia uvivu wa jicho lako.

Mradi wa MAME, ulioanza mwaka 1997 kwa ajili ya mashine za michezo za kumbi za burudani, leo una kompyuta nyingi za chesi za aina hii. Mradi ndugu yake, MESS, ulioshughulikia kompyuta na vifaa vya nyumbani, uliunganishwa nao mwaka 2015.

Suala la saa

Sasa tufike kwenye kiini. Rudi kwenye zile namba tatu. Kila amri ya Z80 inachukua idadi maalumu ya mapigo ya saa ya prosesa. Ile ya kuweka 5 kwenye A inachukua mapigo 7. Ile ya kujumlisha inachukua 4. Jumla 11. Kwenye prosesa inayopiga mara milioni 4 kwa sekunde, kazi hiyo inachukua mikrosekunde 2.75, yaani 2.75 ya sehemu za milioni za sekunde.

Laptopu yako inaweza kumaliza kazi hiyo haraka zaidi sana. Swali: je, iachiwe?

Hebu tuangalie mashine ya chesi inavyofikiri. Inajaribu hatua zake zote zinazowezekana, majibu yote ya mpinzani, majibu yake kwa majibu hayo, na kuendelea. Katikati ya mchezo mchezaji ana kama hatua 35 za kuchagua. Ukitazama kina cha hatua nne tu, 35 × 35 × 35 × 35 ni hali 1,500,625 za ubao. Nyingi mno kwa Z80. Bahati nzuri kuna mbinu iitwayo alfa-beta: ukishaona hatua fulani inakuletea balaa, huna haja ya kuhesabu balaa hilo ni kubwa kiasi gani, unaiacha unaendelea. Mambo yakienda vizuri kabisa, zile milioni moja na nusu zinashuka hadi 2,449. Hata hivyo, kila kina kinachoongezwa bado kinazidisha kazi kwa takriban mara 6.

Programu nyingi zinakwenda ngazi kwa ngazi: zinamaliza kina cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka muda unaisha. Zikikatishwa, zinacheza hatua bora zilizoipata mpaka hapo.

Unaona tatizo linapoingia? Tuseme umeiweka mashine kwenye kiwango cha sekunde 30 kwa hatua. Mashine halisi ina mapigo milioni 120 ya kutumia. Sasa emuleta yako inaendesha prosesa mara mbili ya kasi ya asili, lakini kipima muda ndani ya mashine bado kinahesabu sekunde za kawaida. Mashine imepata mapigo milioni 240. Mara nyingi hatua itabaki ile ile, kwa kuwa mara mbili haitoshi kumaliza kina kipya chenye kazi mara sita. Lakini kuna nyakati mashine halisi ingekatishwa ikiwa imebakiza kidogo tu kumaliza kina cha tano. Ile iliyoharakishwa inamaliza, inaona kwamba farasi wake atanaswa, inabadilisha mawazo. Hatua tofauti. Kuanzia hapo mchezo mzima ni mwingine.

Kwa hiyo umefufua nani? Siyo yule wa zamani. Umefufua binamu yake mwenye akili zaidi. Watu wa chesi za kompyuta walikadiria kwa miaka mingi kwamba kuongeza kasi mara mbili kunampa mchezaji pointi kama 50 hadi 70 za Elo, ile mizani ya nguvu za wachezaji. Hiyo siyo tofauti ndogo ukitaka kujua mashine ya 1979 ilicheza vipi mwaka 1979.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea, tulinyooshe. Kinachotakiwa kulindwa ni uwiano, siyo saa ya ukutani. Ukiharakisha prosesa na kipima muda na kila kitu kingine kwa kiwango kimoja, mashine haina namna ya kujua. Itafikiri kwa mapigo yale yale milioni 120, itacheza hatua ile ile, ila wewe utaiona baada ya sekunde moja badala ya 30. Ni kama kusikiliza ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa kasi ya mara mbili: maneno hayabadiliki. Kinachoharibu ni kuharakisha sehemu moja na kuacha nyingine.

Ndiyo maana emuleta makini inahesabu kila pigo. Kila amri ikitekelezwa, idadi ya mapigo yake inaongezwa kwenye daftari, na kipima muda cha kuigiza kinasogezwa kwa daftari hilo, siyo kwa saa ya laptopu.

Chipu zilizofungwa midomo

ROM ya kawaida unaichomoa, unaiweka kwenye kifaa cha kusomea, unapata namba zako. Lakini mashine nyingi za bei nafuu zilitumia chipu moja yenye kila kitu ndani: prosesa, kumbukumbu na programu. Nyingi za namna hiyo hazina njia ya kawaida ya kuuliza "umeandikwa nini humo?"

Wanachofanya mafundi ni kuondoa gamba la chipu kwa asidi kali, kisha kuipiga picha kwa hadubini. Katika baadhi ya chipu, kila biti ya ROM inaonekana kama alama ndogo: ipo ni 1, haipo ni 0, au kinyume chake. Mtu anakaa na picha hiyo, akisaidiwa na programu, anasoma alama maelfu kwa maelfu. (Usijaribu nyumbani. Asidi hiyo haina mzaha.)

Sauti ya Voice Chess Challenger nayo haikutoka kwenye Z80. Ilitoka kwenye chipu iitwayo S14001A, ambayo kabla ya hapo ilitumika kwenye kikokotoo kinachosema cha wasioona. Ndiyo hiyo hiyo iliyowapa sauti maroboti wa gemu la Berzerk mwaka 1980. Kumbe ukiielewa chipu moja, umefufua mashine kadhaa kwa mpigo.

Na ile mashine kubwa?

Tarehe 4 Mei 1997, jijini New York, Garry Kasparov alicheza mchezo wa pili dhidi ya Deep Blue ya IBM. Karibu na hatua ya 36, mashine iliacha nafasi ya kuingia na malkia kunyakua askari, ikachagua kubana polepole, kama binadamu mzoefu anayejua mpinzani hana pa kwenda. Kasparov akakata tamaa, akasalimu amri. Baadaye wachambuzi wakaonyesha kwamba pale aliposalimu kulikuwa na njia ya kupata sare. Alipoteza mchuano mzima kwa 3.5 kwa 2.5, na akaeleza wazi wasiwasi wake: mashine imewezaje kucheza vile? Akataka kuona kumbukumbu za mashine. IBM ilizitoa hadharani baadaye. Mchuano wa marudiano haukufanyika, na Deep Blue ikastaafishwa.

Ingekuwa Chess Challenger, jibu lingekuwa rahisi: weka ubao katika hali ile ile, ipe muda ule ule, tazama inacheza nini. Rudia mara mia ukitaka. Kwa nini tusifanye hivyo kwa Deep Blue?

Sababu ya kwanza: akili yake kubwa haikuwa programu ndani ya ROM. Ilikuwa kompyuta ya RS/6000 SP yenye sehemu 30, ikibeba chipu maalumu 480 zilizobuniwa na Feng-hsiung Hsu. Kila chipu ilikuwa na transista kama milioni 1.5, na iliweza kupima hali milioni 2 hadi 2.5 za ubao kwa sekunde. Ndani ya chipu mlikuwa na mpangilio wa 8 kwa 8, sakiti moja kwa kila mraba wa ubao, wazo lililotoka kwenye Belle, mashine ya Ken Thompson na Joe Condon wa Bell Labs iliyotwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta mwaka 1980. Miraba yote 64 inapeleka ishara kwa wakati mmoja. Sheria za chesi hazikuandikwa kama amri. Zilikuwa maumbo ya nyaya kwenye silikoni. Hakuna orodha ya namba ya kunakili kama 62, 5, 128.

Sababu ya pili ni uzito. Fanya hesabu nami. Transista milioni 1.5 mara chipu 480 ni milioni 720. Tuseme saa yao inapiga mara milioni 20 kwa sekunde, na tunataka kuiga kila transista kwa kila pigo. Tunahitaji kazi kama 14,400,000,000,000,000 kwa kila sekunde moja ya Deep Blue. Laptopu inayofanya kazi bilioni 10 kwa sekunde itahitaji siku kama 17 kuiga sekunde moja hiyo. Hatua moja ya dakika tatu? Zaidi ya miaka 8. Wahandisi wana njia za kupunguza sana mzigo huo, na unaweza kuiga kazi ya chipu badala ya transista moja moja, lakini hapo unahitaji kujua kwa usahihi chipu ilifanya nini, pamoja na ile hesabu yake ya kupima ubao iliyozingatia vipengele kama 8,000.

Sababu ya tatu ndiyo inayouma zaidi. Hata ungeipata Deep Blue yenyewe, nzima, inawaka, bado isingekuwa lazima icheze hatua ile ile. Sehemu 30 zilikuwa zikifanya kazi kwa pamoja na kupeana ujumbe. Ujumbe mmoja ukichelewa kidogo, utafutaji unashika mkondo mwingine, na jibu linaweza kubadilika. Z80 iko peke yake, inakwenda kwa mstari mmoja. Ukiijua hali yake ya mwanzo na mapigo yake, unajua mwisho wake. Deep Blue ilikuwa umati, na kurudia umati hatua kwa hatua unahitaji kujua nani alisema nini lini.

Leo kabati moja la Deep Blue lipo Washington kwenye makumbusho ya Smithsonian, na jingine lipo Computer History Museum huko California. Unaweza kwenda kuliangalia. Huwezi kuliuliza kitu. Kilichobaki cha kuuliza ni zile kumbukumbu zilizochapishwa, na maneno ya waliokuwepo.

Tunabaki na nini?

Kisanduku cha sebuleni, kilichouzwa kama kitu cha kuchezea, kinaweza kuulizwa leo kwa nini kilicheza hatua fulani mwaka 1979, na kikajibu kwa namna ambayo wewe na mimi tukiwa nchi tofauti tutapata jibu lile lile. Mashine iliyobadilisha historia ya chesi haiwezi. Tofauti haikutokana na umaarufu wala nguvu. Ilitokana na jinsi kila moja ilivyojengwa, na kama kuna mtu aliyenakili kila kitu kabla hakijazimwa.

Ukifanya utafiti wowote unaotumia kompyuta, hili linakuhusu. Unapoandika matokeo kutoka kwenye kodi inayokimbia kwenye prosesa nyingi kwa pamoja, jiulize: nikiombwa kurudia miaka mitano ijayo, nitapata namba zile zile? Umeandika toleo la programu? Umehifadhi namba ya kuanzia bahati nasibu? Mashine uliyotumia unaijua kwa jina tu, au unajua kweli ilivyokuwa imewekwa?

Na kama unataka kuonja kazi hii kwa mikono yako, anza na CHIP-8. Ni mashine ndogo ya kufikirika ya miaka ya 1970 yenye amri kama 35 tu. Wikendi mbili, kahawa kidogo, na utakuwa na emuleta yako ya kwanza. Ikishafanya kazi, ongeza daftari la mapigo, harakisha kila kitu isipokuwa kipima muda, kisha utazame gemu linavyoanza kufanya vituko. Hapo utakuwa umelielewa somo la leo kuliko tulivyoweza kulieleza.